Majaribio Mangapi Yanatosha? Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kupokea Mfumo wa Kompyuta

(Mada kwa maafisa wa mapato, afya na ununuzi)



Mwanakandarasi anapokabidhi mfumo mpya wa kulipia ushuru, kauli inayosikika mara nyingi ni hii: "Umejaribiwa na unafanya kazi." Kauli hiyo haitoshi. Afisa anayepokea mfumo anapaswa kuuliza: umejaribiwa mara ngapi, na katika hali gani?

Chukua mfano wa mfumo uliojaribiwa kwa malipo 300 bila hitilafu hata moja. Wengi watadhani hauna kasoro. Wanatakwimu wana kanuni nyepesi ya kupima jambo hili: gawanya 3 kwa idadi ya majaribio yaliyopita bila kosa. Jibu ni kiwango cha juu cha makosa ambacho bado kinawezekana, kwa uhakika wa asilimia 95. Ukigawanya 3 kwa 300 unapata asilimia 1. Maana yake ni kwamba mfumo huo bado unaweza kukosea katika malipo 1 kati ya kila 100. Ikiwa masoko yanapokea malipo 5,000 kwa siku, huenda wananchi 50 wakakosa risiti au wakatozwa mara mbili kila siku. Majaribio 3,000 yasiyo na kosa hushusha kiwango hicho hadi watu 5.

Kanuni hiyo hutumika pia kwa muda. Mtu akidai kwamba mfumo hufanya kazi kwa wastani wa saa 1,000 kabla ya kukwama, kuthibitisha dai hilo kwa uhakika uo huo kunahitaji takriban saa 3,000 bila kukwama. Hizo ni siku 125. Onyesho la asubuhi moja haliwezi kuthibitisha dai kama hilo.

Asilimia nazo hudanganya masikio. Mwaka una saa 8,760. Mfumo unaopatikana kwa asilimia 99 ya muda unaweza kuzimika kwa karibu saa 88 kwa mwaka, yaani zaidi ya siku tatu na nusu. Katika zahanati, hizo ni siku ambazo rekodi za wagonjwa hazifunguki.

Hata majaribio mengi hayasaidii ikiwa hayafanani na kazi halisi. Mnamo Februari 25, 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mfumo wa kujikinga wa Patriot ulishindwa kuzuia kombora lililorushwa kutoka Iraq. Wanajeshi 28 wa Marekani walifariki. Kompyuta yake ilikuwa ikihesabu muda kwa kosa dogo mno, lakini kosa hilo liliongezeka kadiri mfumo ulivyokaa bila kuzimwa. Baada ya saa 100 hivi lilifikia thuluthi moja ya sekunde, na hilo lilitosha kuufanya mfumo utafute kombora mahali pasipo sahihi. Jaribio la saa chache lisingeonyesha kasoro hiyo.

Kwa hivyo, kabla ya kutia sahihi, afisa adai mambo manne kwa maandishi. Kwanza, idadi ya majaribio na makosa yote yaliyoonekana. Pili, majaribio ya siku ya soko, ya siku za mwisho za kulipia leseni, na ya mahali ambapo mtandao ni hafifu. Tatu, muda ambao mfumo uliachwa ukifanya kazi mfululizo. Nne, majaribio mapya kila programu inaporekebishwa, kwani marekebisho yanaweza kuleta kosa jingine na hesabu ya awali haitegemeki tena.

Majaribio hugharimu muda na pesa. Lakini yasipofanywa kabla ya kupokea mfumo, mama mboga na mgonjwa ndio watakaoyafanya, bila kuulizwa na kwa gharama yao wenyewe. Tahadhari kabla ya hatari.