Ardhi Yetu, Wanyama Wetu, Kipato Chetu

Leo tunazungumzia nyumbu na pundamilia wanaokatiza uwanda wa Athi-Kapiti, kutoka Kajiado kwa ndugu zetu Wamaasai hadi huku kwetu Lukenya, Machakos. Je, wanyama hawa wanaweza kutulipia karo?

Kule Laikipia, Wamaasai wa Il Ngwesi walifungua loji yao wenyewe mwaka wa 1996. Mapato yake husaidia shule, afya na basari. Huko Mara, wenye ardhi ya Ol Kinyei waliunganisha mashamba yao mwaka wa 2005, wakayakodisha kwa utalii, nao hupokea kodi.

Nasi tuna haki hiyo. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 inamruhusu mwenye ardhi, peke yake au na majirani, kuanzisha hifadhi. Kabla ya kutia sahihi mkataba wa kukodisha ardhi, uliza: kodi ni shilingi ngapi kwa ekari? Mkataba ni wa miaka mingapi? Ng'ombe watalisha wapi?

Anzeni kwa kikao cha majirani, kisha mwone maafisa wa Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya (KWS). Na tafadhali, msizibe mapito kwa seng'enge. Wanyama wakikosa njia, watalii nao hawatakuja.