Reli inapita kwetu, na sisi tupande: maneno kwa vijana wa Sanga na Kamina

 Wengine mmesimama kule nyuma, basi tutasema mbio.

Kila mtu hapa anajua vile treni inalia usiku. Lakini wangapi tunajua reli ilitoka wapi? Ilitoka kusini. Mwaka 1910 iliingia Lubumbashi, wakati ule Elisabethville. Mwaka 1918 ikafika Bukama, pa Lualaba. Ilikuwa ya kubeba shaba, si ya kubeba sisi. Kisha BCK ikaisukuma mpaka Ilebo, kazi ikaisha 1928, na hivyo Kamina ikawa pa njia. Mwaka 1956 ikafunguliwa njia ya Kabalo; kutoka pale unafika Kalemie pa ziwa, ao Kindu. Tangu hapo tuko pa njia-panda ya Katanga, Kasai na Tanganyika. Baadaye nyaya za umeme nazo zikafika mpaka hapa. Wazee wengi mnaowaona mu kartie walilea watoto kwa mushahara wa reli.

Sasa tuseme ukweli. Treni ya mizigo inapita. Ya abiria, nani anaweza kukuambia siku na saa? Mama mwenye magunia ya mahindi atafanya nini? Anapanda juu ya mizigo. Aprili 2014, upande wa Katongola, hapa hapa kwetu, treni ya mizigo ilianguka na makumi ya watu wakafa. Machi 2022, ingine karibu na Lubudi: wafu zaidi ya 60. Halafu kwa radio wanasema walikuwa wapandaji wa kuibia. Neno lile linatuchoma. Hakuna mtu anapanda juu ya vagoni kwa kupenda upepo.

Watatuambia treni ya watu ni mambo ya miji mikubwa. Sawa, tuangalie ile miji. Kinshasa walipandisha watu wa Ndjili kwa reli ileile ya Matadi ya mwaka 1898. Dar es Salaam, Oktoba 2012, walianza treni ya jijini juu ya reli mbili za zamani: ile ya Wajerumani, na TAZARA iliyojengwa na Wachina. Watu wakaiita treni ya Mwakyembe, jina la waziri wao. Hawakungoja reli mpya. Walitafuta vagoni, wakaweka saa.

Pesa? Mwaka 2010 Benki ya Dunia ilikubali dola milioni 255 za usafiri katika inchi yetu, na SNCC ilikuwa ndani. Leo kila mkubwa anaimba Lobito. Lobito ni vizuri, lakini njia ile inatoka Angola kupitia Dilolo, inafika Kolwezi na Tenke. Kamina haimo. Tukinyamaza, shaba itapata treni na mahindi yetu yatabaki pa baiskeli.

Tunachoomba si kikubwa: vagoni za abiria kwa treni zinazopita tayari, bei iandikwe, na ratiba ibandikwe pa gare, hata kama ni mara moja kwa juma. Treni ikichelewa, watu waambiwe.

Barua iko pale pa meza, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Someni kwanza, kisha ndipo musaini. Mwenye hajui kuandika, aweke kidole.