Tathmini ya Kisomo Isiishie Kwenye Idadi

(Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa na mwandishi wetu mbele ya walimu na maafisa wa elimu ya watu wazima.)



Nimeombwa niseme machache juu ya kupima matokeo ya elimu ya watu wazima, pamoja na kupima mwenendo wenyewe wa kujifunza. Mambo haya mawili hutajwa pamoja, lakini katika taarifa zetu la kwanza hupewa kurasa nyingi na la pili hupewa mstari mmoja. Hapo ndipo penye kasoro.

Tukumbuke tulikotoka. Mwalimu Nyerere alitangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Agosti 1975 ulifanyika mtihani wa taifa wa kisomo, na wanakisomo wakapangwa katika viwango vinne. Aliyefika Kiwango cha Tatu alihesabiwa kuwa anajua kusoma na kuandika. Aliyefika Kiwango cha Nne alikuwa mtu awezaye kuutumia ujuzi huo katika maisha yake: kusoma gazeti, kuandika barua, kuweka hesabu za shughuli zake. Wasiojua kusoma na kuandika walikuwa zaidi ya asilimia 60 mwaka 1967. Mwaka 1975 walikuwa asilimia 39, na mwaka 1986 wakatajwa kuwa asilimia 9.6. Ilikuwa kazi kubwa, na wananchi waliifanya kwa mikono yao wenyewe.

Lakini, ndugu zangu, sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kuwa takribani watu wazima watatu katika kila kumi hawajui kusoma na kuandika. Sababu ni nyingi: hali ngumu ya uchumi, posho ndogo za walimu wa kujitolea, watoto walioacha shule. Iko pia sababu inayotuhusu sisi wapimaji. Mtihani humpima mtu siku moja. Hauulizi kama mwezi ujao atapata cha kusoma. Mwanakisomo mpya akikosa gazeti na maktaba ya kijiji, herufi humponyoka kidogo kidogo, na jina lake hubaki kwenye orodha ya waliofaulu.

Waliotutangulia walilijua jambo hili. Ndiyo maana katika mikoa ya Ziwa vitabu vya kisomo vilihusu pamba, uvuvi, ufugaji na elimu ya mama. Ndiyo maana gazeti la "Elimu Haina Mwisho" lilianzishwa. Wahenga walisema: elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Mfano ulio bora zaidi ni kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya. Katika baadhi ya vijiji wapimaji walikagua hali ya nyumba kabla ya kampeni, wakaikagua tena baadaye. Hawakuridhika na kuuliza, "Umejifunza nini juu ya choo?" Walitazama kama choo kimechimbwa. Hayo ndiyo matokeo. Na matokeo hayo yalitokana na mwenendo: mtu mzima aliyeshiriki katika kuamua huona haya kutotekeleza.

Kutokana na hayo, napendekeza mambo matatu.

Kwanza, tupime matumizi. Mkulima akipeleka pamba kwenye chama cha msingi, je, anaisoma mizani mwenyewe? Anaielewa stakabadhi kabla ya kutia sahihi? Mama akipokea fedha kwa simu, anausoma ujumbe mwenyewe au anampa mtoto wa jirani, pamoja na namba yake ya siri? Mtu anayedhulumiwa kwenye mizani huku ana cheti cha kisomo hajakombolewa bado.

Pili, tupime darasa lenyewe. Rejesta isomwe kama barua, si kama orodha tu. Mahudhurio yakishuka wakati wa kupalilia, kosa si la mkulima, bali ni la ratiba. Akina mama wakikosa kila jioni, tuulize nani amebaki na kazi za nyumbani. Mwalimu akisema peke yake saa nzima, akiwakemea watu wazima kama watoto wa darasa la kwanza, tusishangae viti vikibaki vitupu. Na tuwafuate walioacha. Wao wanajua upungufu wetu kuliko waliofaulu.

Tatu, mwanakisomo naye awe mpimaji. Mpango wa MUKEJA, ulioanza kwa majaribio katika miaka ya 1990, uliwapa wanakisomo nafasi ya kuchagua wanachotaka kujifunza. Anayechagua lengo ana haki ya kusema kama limefikiwa. Afisa anayefika kijijini na fomu, akaijaza ofisini na kuondoka, amepima fomu, hakupima elimu.

Ndugu Mwenyekiti, siwaambii walimu waache kuhesabu. Takwimu ni lazima, na serikali haiwezi kupanga bila takwimu. Ninachosema ni kwamba nyuma ya kila tarakimu yumo mtu mwenye jembe, deni na watoto. Tunapoandika kwamba amefaulu, tuwe tumehakikisha kwamba yeye mwenyewe anaona hivyo.