Kupanga Kreti Kabla ya Kufika Gatini



Wewe wa Mkoani unayepeleka tungule au machungwa Unguja kwa meli, nafasi unailipia. Ikibaki tupu ni hasara. Ukibananisha ovyo, tungule zinapondeka. Siku hizi zipo programu za kompyuta za kupanga masanduku ndani ya kontena. Unaiambia urefu, upana, kimo na uzito wa kila sanduku, nayo hujaribu mipango mingi, ikakuonyesha ulio bora kati ya iliyojaribu. Kuijaribu yote haiwezi: masanduku yakiwa mengi, mipango haina idadi.

Chukua mfano. Chaga la mbao la kupakilia lina sentimita 120 kwa 100, na kreti yako ina 60 kwa 40. Ukizielekeza zote upande mmoja, hazizidi nne. Sasa laza mbili zifuatane kwa urefu kwenye ule upande wa 120. Nyuma yake geuza tatu, ubavu kwa ubavu. Zimeingia tano, wala hapana upenyo! Hapo ni utepe na chaki tu, kompyuta ya nini?

Lakini pakacha halipangiki hivyo. Basi wanaushirika, kubalianeni kwanza kreti za kipimo kimoja, programu baadaye. Mkiitumia, iambieni kwamba tungule hazibebeshwi machungwa. Isipoambiwa, haijui tungule ni kitu gani. Na kreti ziwe na matundu ubavuni, maana zikikaa zimeshikana hivyo, matunda yataka hewa.