MEZA YA MALI
Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi wa migodi na watu wa mji, Bunia



Wengi wanasema: «Wenye elimu ya biashara wametudanganya, tusiwasikilize tena.» Kweli, wametudanganya. Lakini kumbukeni Brussels.

Januari 1960 wakubwa wetu walikaa kwenye meza ya siasa, wakapata tarehe ya uhuru. Aprili ikaja meza ya pili, ya mali: makampuni, madeni, feza. Wakubwa walikuwa wamerudi kutafuta kura. Wakatuma vijana, wengine wanafunzi bado. Mbele yao walikaa Wabeleji na madaftari yao. Tarehe 17 Juni, siku 13 kabla ya uhuru, sheria ya Ubeleji ikaruhusu makampuni ya Kongo kugeuka ya Ubeleji. Mengi yakageuka. Nani kwetu angezuia? Wenye diploma ya universite hawakufika 30 nchi nzima!

Mchimbaji wa Mongbwalu akiibiwa na mnunuzi wa zahabu, hatupi mizani. Anatafuta ya kwake. Basi anayetuletea karatasi za biashara, tumuulize kwanza nani anamlipa. Na mikataba ya zahabu yetu isomwe mbele ya watu, kwa Kiswahili, na watoto wetu waliosoma hesabu wakae pale.