Kushindwa, Kufa na Kufagia: Lugha ya Majaribio ya Programu katika Mizani ya Sarufi ya Kiswahili



1.0 Utangulizi

Kiswahili kina njia nyingi za kueleza kwamba jambo halikufaulu. Mtu hushindwa, hukosea, hukwama, na mbele ya mtihani hufeli, kazi hushindikana, chombo huharibika au huharibiwa, gari hufa njiani. Maneno haya hayabadilishani nafasi ovyo. Kila moja linabeba hukumu yake kuhusu nani ametenda, nani ametendwa, na kama yupo wa kulaumiwa. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba hukumu hizo ndizo zinazotafutwa na watunzi wa majaribio ya programu za kompyuta, na kwamba anayezichanganya hupata matokeo ya uongo.

Suala hili haliko mbali na taaluma za Kiswahili. Tangu mwaka 1985, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alipoanza kazi ya SWATWOL, kichanganuzi cha maumbo ya maneno ya Kiswahili, lugha hii imekuwa ikichunguzwa kwa mashine. Mwaka 2004 ilitoka Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Vyombo vya namna hii vinaaminika kwa kadiri majaribio yake yanavyoaminika. Jaribio likisema uongo, mwanaisimu hujenga hoja juu ya mchanga.

Mfano mkuu wa mhadhara huu ni kiunzi cha majaribio cha Git, mfumo wa kutunza matoleo ya programu ulioanzishwa na Linus Torvalds mwezi Aprili 2005, na ambao tangu Julai mwaka huo umesimamiwa na Junio Hamano. Sehemu kubwa ya majaribio yake imeandikwa kwa skripti za ganda, yaani mafaili yenye amri zinazosomwa na programu inayopokea maagizo ya mtumiaji na kuyafikisha kwenye kiini cha mfumo. Neno "ganda" limechaguliwa hapa kwa makusudi: kwa Watanzania wengi "sheli" ni kituo cha mafuta, na istilahi nzuri haimtumi msomaji kununua petroli.

2.0 Aina za Kushindwa

Ganda lililoandikwa na Stephen Bourne, likasambazwa na Toleo la 7 la Unix mwaka 1979, liliweka desturi inayofuatwa hadi leo. Kila amri ikimalizika huacha namba. Sifuri maana yake imefaulu. Namba nyingine yoyote maana yake haikufaulu. Ila namba hizo nyingine zina ngazi. Kwa kawaida 1 ni kushindwa kwa heshima: programu imefanya kazi yake, ikakuta kasoro, ikasema. Namba 127 maana yake amri haikupatikana kabisa. Namba inayozidi 128 huonyesha kwamba programu imekatishwa na ishara: 137 ni 128 kujumlisha ishara ya 9, ile isiyozuilika, 139 ni ishara ya 11, inayotumwa na kiini pale programu inapogusa kumbukumbu isiyo yake.

Sarufi ya Kiswahili ina nyenzo za kutenganisha hali hizi. Programu iliyotoa 1 imekataa. Ile ya 127 haikuwapo. Ile ya 137 imeuawa, kwa kauli ya kutendwa, maana yuko aliyeiua. Ile ya 139 inastahili kitenzi kingine: ingawa kiini ndicho kilichoipiga, chanzo cha kifo ni ugonjwa wake yenyewe, na msemaji wa kawaida angesema imekufa. Tofauti baina ya kufa na kuuawa, kama ile baina ya kuharibika na kuharibiwa, hapa ni tofauti ya mahali pa kutafuta kosa.

Ichukuliwe programu ya kukagua tahajia. Mtunzi anataka kuhakikisha kwamba umbo "*atasomata" linakataliwa. Anaandika jaribio linalosema: programu ipewe neno hili, nayo isifaulu. Ikiwa alama ya ukanushi ya ganda ndiyo itakayotumika peke yake, kila namba isiyo sifuri itahesabiwa kuwa ushindi. Programu ikifa katikati ya kazi, jaribio linapita. Programu isipokuwapo kwenye kompyuta, jaribio linapita pia. Ripoti itasomeka kwamba neno limekataliwa, ilhali hakuna aliyelisoma.

Watunzi wa Git walilikabili tatizo hili kwa amri ya test_must_fail. Amri hiyo hudai kushindwa, lakini huchagua aina yake: ikikuta 127 au kifo cha ishara, hulikataa jaribio na kutaja sababu. Kwa maneno ya sarufi, inadai kukataa na haipokei kufa wala kutokuwapo.

Jambo la pili ni mfuatano. Amri zikitenganishwa kwa mistari au nukta-mkato, uhusiano wao ni ule wa kiambishi -ka- katika masimulizi: hili likatendeka, kisha lile likatendeka. Hukumu ya kundi zima hutolewa na amri ya mwisho, na kushindwa kwa amri ya katikati husahaulika. Alama ya && ina maana ya "ndipo": la kwanza lifaulu, ndipo la pili lianze. Kwa sababu hiyo miili ya majaribio ya Git hufungwa kwa && kutoka mwanzo hadi mwisho. Wengine hutegemea amri ya set -e, inayolitaka ganda lisimame panapotokea kosa. Hata hivyo, kwa kanuni za POSIX agizo hilo halifanyi kazi ndani ya sharti la if, wala kwa amri iliyotangulia && au ||, wala kwa iliyokanushwa. Kinga yenye mianya mingi kiasi hicho haitoshi kuwa kinga pekee.

3.0 Kufagia

Jaribio huacha takataka. Jaribio la kwanza la kikagua tahajia linaweza kuongeza neno jipya katika kamusi ya mtumiaji ili kuona kama linapokewa. Likiondoka bila kulifuta, jaribio la pili, linalotaka neno hilohilo likataliwe, litaanguka bila kosa lake. Mtafiti atapoteza siku nzima akimchunguza asiye na hatia.

Kosa la kawaida ni kuweka amri ya kufagia mwishoni mwa jaribio. Jaribio likikatika katikati, mwisho haufikiwi, na uchafu hubaki siku ile hasa ambayo usafi ulihitajika. Dawa ni kumwajiri mfagiaji kabla ya kuchafua. Ganda lina amri ya trap, inayoagiza kitendo kitakachofanyika skripti inapotoka, imefaulu au haikufaulu. Git ina test_when_finished, inayofanya hivyo kwa kila jaribio. Maagizo yake hutekelezwa kinyumenyume, la mwisho kusajiliwa likianza, kama mtu anayeshuka ngazi alizopanda. Tena, usafi wenyewe ukishindwa, jaribio huhesabiwa kuwa limeshindwa. Mwosha huoshwa: msafishaji naye anahojiwa.

Mipaka ipo. Ishara ya 9 haimpi mfagiaji nafasi ya kuingia. Vilevile anayefagia kwa trap lazima aitunze namba ya matokeo kwanza, kwa kuwa amri ya kufuta ikifaulu huacha sifuri yake, na mtunzi asiyeangalia anaweza kuitangaza sifuri hiyo kuwa hukumu ya jaribio.

4.0 Usafi na Ushahidi

Je, kila kitu kifagiliwe? Hapa Git inafundisha busara. Majaribio hufanyikia katika saraka maalumu, ambayo hufutwa yote yakifaulu, na huachwa jaribio lolote likishindwa. Mtumiaji akichagua majaribio yasimame kwenye kosa la kwanza, hata maagizo ya test_when_finished ya jaribio lililoshindwa hayatekelezwi. Sababu ni kwamba mabaki ya kushindwa ni ushahidi. Kuufagia uwanja kabla ya uchunguzi ni kumsaidia mkosaji.

Jina la saraka hiyo lina nafasi kati ya maneno yake mawili, nayo imewekwa kwa makusudi. Skripti iliyosahau alama za nukuu italiona jina moja kuwa majina mawili, na kosa litajitokeza mapema. Wanaisimu, waliobishana miaka mingi kuhusu mpaka wa neno, watatambua kwamba mashine nayo ina ubishi huo.

5.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba jaribio la kuaminika hutaja aina ya kushindwa, humwajiri mfagiaji kabla ya kazi, na hulinda ushahidi. Wanaotunga istilahi za kompyuta kwa Kiswahili wamezoea kutafuta jina moja kwa kila dhana ya kigeni. Katika uwanja huu wangefaidika zaidi kwa kuanza na vitenzi: programu imekataa, imekufa, imeuawa, haikuwapo. Mwanafunzi atakayeandika ripoti yake kwa vitenzi hivyo badala ya "kufeli" tupu atakuwa amekwisha kufanya nusu ya uchunguzi, na vyombo vya lugha yake vitapimwa kwa haki.