Nzi wa Ndizi na Sikio la Mtoto Wako

 

Leo tuanze na nzi. Unawajua wale wadogo wenye macho mekundu wanaozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi? Hao ni nzi wa matunda, na wametufundisha mengi kuhusu watoto wetu.

Yai la nzi huyu huanguliwa kwa muda wa siku moja hivi. Ndani ya yai, jeni, yaani maagizo tunayorithi kutoka kwa wazazi, huamua ni seli zipi zitakuwa za kuhisi. Seli iliyochaguliwa huwazuia jirani zake wasifanye kazi hiyo hiyo. Kisha neva huota kama uzi mwembamba kuelekea kwenye neva kuu. Jeni nyingine huweka alama njiani: hii huuvuta uzi, ile huufukuza, mpaka ufike panapotakiwa.

Mwaka 1993 wanasayansi wa Marekani walieleza kuhusu jeni iitwayo atonal. Nzi akiikosa, viungo vyake vya kuhisi mtikisiko haviumbiki. Mwaka 1999 ikaonekana kwamba panya akikosa jeni ya jamii hiyo, sikio lake la ndani halipati seli za kupokea sauti. Sisi binadamu pia tunayo jeni hiyo.

Sasa mama na baba, sikilizeni. Mtoto akizaliwa hasikii, msimlaumu mama, wala msiseme ni laana. Wazazi wawili wanaosikia vizuri wanaweza kubeba jeni yenye kasoro bila kujua.

Lakini si kila uziwi hutokana na jeni. Ugonjwa wa rubela katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba unaweza kuharibu sikio linapoumbika. Kwa hivyo mpeleke mtoto apate chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 9, na tena miezi 18. Ukinga huo humlinda pia jirani mjamzito. Nawe ukiwa mjamzito, anza kliniki mapema, na usitumie dawa yoyote bila kumwuliza mhudumu wa afya.

Mwisho, mchunguze mtoto. Je, hashtuki mlango ukibamizwa? Amefika miezi 6 na hageuki akisikia sauti yako? Usingoje eti atasikia akikua. Mlete kituo cha afya wiki hii, kwa maana mtoto anayesaidiwa mapema hujifunza lugha mapema, iwe ya mdomo au ya ishara.